Ukurasa uliokwisha kuiva

Jumapili iliyopita nilizungumza redioni juu ya kurasa nyepesi za intaneti, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Mzee mmoja wa Mchangani aliniambia kwamba nusu ya kwanza aliielewa vizuri, nusu ya pili umeme ulikatika. Mwalimu wa skuli moja ya sekondari aliomba maelezo yale yaandikwe ili awasomee wanafunzi wake. Basi nayaleta hapa gazetini kama ilivyo ada, pamoja na yale ambayo dakika kumi za redio hazikuyapa nafasi.

Habari yenyewe ilianzia Kidichi. Msomaji wa mjini anaijua njia: unatoka Darajani, unafuata barabara ya kaskazini mpaka Bububu, kisha unakata kulia kuelekea mashambani. Huko ndiko yaliko mashamba ya viungo yanayotembelewa na wageni kila siku, na ndiko ziliko hamamu za Kiajemi zilizojengwa karibu na mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said, kwa ajili ya mkewe Shahrzad aliyetoka ukoo wa kifalme wa Uajemi. Mjomba wangu ana shamba upande huo. Mwanawe ni mmoja wa vijana wanaowatembeza wageni, akiwakatia mdalasini, akiwapasulia kungumanga, na kuwasomesha majina ambayo wageni huyasahau kabla ya kufika Bububu.

Vijana hao, kumi na mmoja kwa jumla, waliwahi kuchanga fedha wakamlipa fundi wa mjini awatengenezee tovuti. Ilikuwa nzuri kwa macho. Picha zilizunguka zenyewe, na chini yake palikuwa na habari za kila mti kama zilivyosimuliwa na wazee: unapandwa vipi, unachumwa lini, gome lake linatibu nini. Mwaka wa kwanza ilikwenda. Mwaka wa pili mgeni akasimama mlangoni mwa hamamu, akatoa simu ili asome historia ya jengo, akakuta tangazo la Kiingereza kwamba anwani hii inauzwa. Kumbe jina la tovuti liliandikishwa kwa jina la fundi, seva ilikodiwa kwa jina la fundi, na fundi mwenyewe amebadilisha namba. Maneno ya wazee yalitumwa kwake kwa simu, kipande kwa kipande, na hakuna aliyeweka nakala. Wawili kati ya wazee wale wamekwisha kufariki.

Nilipoelezwa haya sikuweza kumlaumu mtu, kwa sababu hata mimi nimo. Kwa miaka sita maelezo yangu ya kila wiki yaliwekwa kwenye tovuti ya kituo nilichokuwa nikifanyia kazi wakati huo. Siku moja tovuti ikajengwa upya, ikawa na sura mpya na rangi mpya, na maelezo yangu yote, yapatayo mia tatu, hayakuhamishwa. Nimebakiwa na karatasi ndani ya mkoba, nyingine zimeliwa na mchwa. Na mimi ndiye niliyesomea stashahada ya uandishi wa habari, nikafundishwa mwaka mzima namna ya kutunza kumbukumbu!

Basi tuulize: ukibonyeza anwani ya tovuti kwenye simu yako, huko inakokwenda kunatokea nini?

Nitatoa mfano wa chakula, maana ndio tunaouelewa sote. Usiku pale Forodhani ukiagiza pizza ya Unguja, mpishi anaanza kazi kwa ajili yako wewe. Anatandaza unga, anavunja yai, anatia nyama na kitunguu, anakunja, anakaanga, nawe unasubiri. Wakija watu watano atawamudu. Wakija mia mbili kwa pamoja, foleni itafika Ngome Kongwe. Lakini mwoka boflo anaamka usiku wa manane, anaoka mara moja, na asubuhi mwenye duka anakupa boflo iliyokwisha kuiva. Mteja wa kwanza na mteja wa mia wanapata boflo ile ile, na hakuna anayesubiri tanuri.

Tovuti nyingi za leo ni pizza ya Forodhani. Ukurasa unaousoma haukuwapo kabla hujauomba. Ombi lako likifika, programu iliyomo ndani ya seva inaamka, inakwenda kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa, inachukua kichwa cha habari huku na maneno kule, inatafuta picha, inapachika matangazo, inafunga mzigo na kukutumia. Mtu mwingine akiomba ukurasa ule ule dakika hiyo hiyo, kazi huanza upya, isipokuwa fundi awe ameweka ujanja wa kutunza nakala. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, hufanya kazi kwa mtindo huo, na leo inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti za dunia. Si programu mbaya. Lakini jiko linataka mpishi wa kudumu. Programu zake lazima zisasishwe kila mara, kwa sababu wezi wa mitandao huzijua nyufa zake, na tovuti iliyoachwa miezi sita bila ya mwangalizi huweza kuamka siku moja ikitangaza dawa za nguvu za kiume.

Ukurasa uliokwisha kuiva ni kitu kingine. Ni faili lililokamilika, limekaa kwenye seva likisubiri. Msomaji akiliomba hupewa kama lilivyo. Hakuna ghala la kufunguliwa wala programu ya kuamshwa, na kwa hiyo hakuna cha kuvunjika isipokuwa seva yenyewe. Wala jambo hili si geni. Mtandao wa kurasa ulipoanzishwa na Tim Berners-Lee huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kurasa za mwanzo za mwaka 1991 zilikuwa za namna hiyo hiyo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia ile ni ya watu wote, bila ya malipo. Nakala ya ukurasa ule wa kwanza ipo mpaka leo, na inafunguka hata kwenye simu ya bei ndogo.

Tatizo la kurasa za mwanzo lilikuwa mkono wa mwandishi. Ukiwa na kurasa mia mbili, na kila moja juu yake ina jina la kikundi na namba ya simu, siku namba inapobadilika utazifungua zote mia mbili uzirekebishe. Hapo ndipo watu walipokimbilia jikoni. Na hapo ndipo zilipoingia programu za kujenga kurasa, ambazo ndizo hasa nilizotaka kuzizungumza.

Kazi yake ni hivi. Wewe unaandika maneno yako katika faili la maandishi matupu, lile ambalo kompyuta ya mwaka wowote inalifungua. Ukitaka kichwa cha habari unaweka alama ya reli mwanzoni mwa mstari. Ukitaka neno likolee unaliwekea nyota mbili kila upande. Mtindo huo unaitwa Markdown, ulitangazwa na John Gruber mwaka 2004, na mtu anaweza kujifunza yaliyo muhimu kwa saa moja. Kando yake kunakuwa na kiolezo, yaani sura ya ukurasa. Akina mama watanielewa nikisema kiolezo ni pindo la kanga: pindo ni moja, mji na jina ndivyo vinavyobadilika. Programu inachukua kila faili la maneno, inalivisha pindo lake, na kutoa kurasa zilizokamilika. Namba ya simu ikibadilika unairekebisha mahali pamoja, unaamuru programu ijenge upya, na kurasa zote mia mbili zinatoka na namba mpya kabla hujamaliza kupiga chafya. Kisha unazipeleka kwenye seva.

Programu za namna hii ni nyingi na hazina malipo. Movable Type ya mwaka 2001 ilikwisha kuwa na wazo hili. Jekyll iliandikwa na Tom Preston-Werner mwaka 2008, na Hugo ikaanzishwa na Steve Francia mwaka 2013. Mimi na kijana wa Kidichi tulichagua Hugo kwa sababu ni faili moja tu la kupakua, na kompyuta yake ya kupakata ni ya zamani, funguo mbili zimeng'oka.

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo mfuko wa msomaji unapoguswa. Makala hii unayoisoma ina maneno yapatayo elfu mbili na nusu. Katika faili la maandishi matupu haifiki kilobaiti 20. Ukiivisha pindo lake haitazidi 30. Ukurasa wa kawaida wa intaneti ya leo, pamoja na picha, matangazo na programu ndogo ndogo zinazompeleleza msomaji, unazidi megabaiti 2. Piga hesabu: kwa bando linalofungua ukurasa mmoja wa namna hiyo, ungefungua makala kama hii zaidi ya mara sitini. Nasi bando tunanunua kwa siku na kwa wiki, tukihesabu kama tunavyohesabu vibaba vya mchele. Mwandishi anayemtumia msomaji wake megabaiti 2 kwa habari ya aya tano anamtoza nauli ya gari tupu.

Picha nazo zina dawa. Picha moja ya simu za siku hizi huwa na megabaiti 3 au 4. Ukiipunguza upana ikatosha kioo cha simu, inashuka hadi kilobaiti 80 na jicho halioni tofauti. Na kwa sisi wa redio, sikilizeni aibu yetu: maelezo ya dakika kumi yakirekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 4.8. Maneno hayo hayo yakiandikwa ni pungufu ya hapo kwa mamia ya mara. Msimamizi wangu wa vipindi hapendi niitaje hesabu hii hewani.

Lakini ukurasa ukiwa mwepesi namna gani, msomaji atajuaje kwamba umeandika kipya? Zamani alipita kila siku kutazama. Siku hizi tumemwachia Facebook na wenzake wamwambie, nao humwambia wanachotaka wao, kwa wakati wautakao. Kuna njia ya tatu, kongwe kuliko Facebook yenyewe, nayo ni mlisho.

Mlisho ni faili moja dogo linalokaa kwenye tovuti pamoja na kurasa nyingine. Ndani yake kuna orodha tu: kichwa cha makala, anwani yake, tarehe, na muhtasari au makala nzima. Msomaji anaweka kwenye simu yake programu ya kusomea milisho, anaipa anwani za tovuti kumi au ishirini anazozipenda, na programu inazunguka kila baada ya muda kama mtoto anayetumwa kuchukua magazeti. Ikikuta kipya inaleta. Hakuna anayemchagulia msomaji, hakuna anayejua kasoma nini saa ngapi, na mwandishi halipi kitu ili aonekane.

Muundo wa kwanza wa mlisho unaoitwa RSS ulitolewa na Netscape mwezi Machi 1999. Baadaye walitokea wataalamu wakagombana kama kawaida ya wataalamu. Toleo la mwaka 2000 lilishughulikiwa na kundi lililokuwa na kijana wa miaka 14, Aaron Swartz (mwalimu, wasomee wanafunzi wako sehemu hii). Dave Winer akatoa RSS 2.0 mwaka 2002. Waliochoshwa na ugomvi wakatunga muundo mwingine, Atom, ukapewa hadhi ya kanuni rasmi ya mtandao mwezi Disemba 2005. Programu nyingi za kusomea huielewa yote miwili, kwa hiyo mwandishi asipoteze usingizi.

Wapo wanaosema mlisho umekufa. Wanasema hivyo kwa sababu Google ilikuwa na msomaji wake wa milisho, Google Reader, tangu 2005, ikaufunga tarehe 1 Julai 2013, na watu wengi wakadhani duka likifungwa na bidhaa imekwisha. Haikwisha. BBC Idhaa ya Kiswahili ina mlisho. Vipindi vingi vya sauti vinavyoitwa podikasti husafiri ndani ya RSS: ni orodha ile ile, ila kila habari imefungiwa faili la sauti. Kijana anayesikiliza podikasti ndani ya daladala anatumia RSS kila siku na hajui jina lake.

Nitataja mitego miwili inayomhusu mwandishi wa Kiswahili, kwa kuwa sote wawili tuliingia humo. Wa kwanza ni tarehe. RSS inataka tarehe iandikwe kwa vifupisho vya Kiingereza, namna hii: Sun, 12 May 2024 08:00:00 +0300. Sisi, kwa uzalendo, tuliandika Mei. Programu ya kusomea haikuijua Mei, na makala yetu ya kwanza ikapelekwa chini kabisa ya orodha, tarehe 1 Januari 1970, ambayo ndiyo siku kompyuta nyingi huanzia kuhesabu. Usiku mzima tulitafuta kosa. Atom ina nafuu, kwa sababu tarehe yake huanza kwa tarakimu tupu: 2024-05-12. Mtego wa pili ni saa. Saa mbili asubuhi yetu, kwa kompyuta ni saa 8. Na ile +0300 mwishoni ndiyo inayoueleza ulimwengu kwamba uko Afrika Mashariki. Ukiisahau, makala yako inaweza kuonekana imetoka kabla haijaandikwa. Na msisahau kuitambulisha lugha kwa herufi sw, ili mashine za kutafsiri na za kuwasomea wasioona zijue kwamba hiki ni Kiswahili, zisikitamke Kiingereza.

Msomaji asidhani kuandika wenyewe kwenye intaneti ni jambo la kuazima. Ndesanjo Macha alianza blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe, mwaka 2004. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, mpiga picha Issa Michuzi akaanza yake, na kwa miaka mingi Watanzania waliokuwa Ulaya na Marekani walizipata habari za nyumbani humo, harusi na misiba ikiwemo. Zilikuwa siku njema. Lakini blogu nyingi za wakati ule zilikaa kwenye nyumba ya kupanga, ile Blogger ambayo Google iliinunua mwaka 2003. Mpaka mwaka 2010 Blogger ilimruhusu mwandishi kupeleka kurasa zake zilizokwisha kuiva kwenye seva yake mwenyewe. Mwaka huo njia hiyo ikafungwa. Na mwaka 2009 Yahoo ilikwisha kuufunga mji mzima wa kurasa za watu binafsi ulioitwa GeoCities. Siku mwenye nyumba akitaka nyumba yake, mpangaji anayeshika nguo zake mkononi ndiye anayesalimika.

Kisha yakaja ya hapa kwetu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wapate leseni, na gharama zake kwa mwaka wa kwanza zilifika shilingi milioni 2.1. Waandishi kadhaa wakanyamaza. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020, na zimekuwa zikiguswa tena. Nalisema hili wazi ili nisije nikampoteza mtu: wepesi wa ukurasa hauondoi sheria. Anayetaka kuchapisha habari aulize kwanza leseni inamhusu au haimhusu, kabla ya kuuliza habari za Hugo.

Hata nyaya zina yake. Sisi wa Unguja tumekaa mwezi mzima bila ya umeme mwaka 2008, na miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, waya wa baharini ulipotuangusha. Seva iliyowekwa mjini wakati ule ingekuwa sanduku la chuma tu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa walioumia zaidi. Katika hali kama ile, njia inapobaki nyembamba, ukurasa wa kilobaiti 30 hupenya na wa megabaiti 2 hukwama mlangoni. Lakini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima, hapakupenya kitu, chepesi wala kizito. Tofauti iliyobaki ni kwamba kurasa zilizokwisha kuiva huweza kunakiliwa kwenye flashi au kadi ya simu zikasomwa vile vile bila ya mtandao wowote. Tovuti ya jikoni haibebeki. Mpishi na ghala lake haviingii mfukoni.

Sitaki kuwauzia watu mbuzi ndani ya gunia. Njia hii ina udhia wake. Programu nyingi za kujenga kurasa huamrishwa kwa maandishi kwenye dirisha jeusi, na mtu aliyezoea kugusa picha hutishika. Kufanya kazi hiyo kwa simu peke yake ni taabu. Mwenye duka anayetaka wateja walipe humo humo, au ukumbi wa watu kujibizana, atahitaji jiko la namna fulani. Na jina la anwani hulipiwa kila mwaka, liwe la .tz au jingine. Hilo halina ujanja. Tulichofanya safari hii ni kuliandikisha kwa jina la kikundi chenyewe, na nywila zimeandikwa kwenye daftari linalokaa kabatini kwa mjomba pamoja na hati ya shamba.

Tulikaa jioni tatu. Ya kwanza ilikwenda yote kwa kupakua na kulaumiana. Ya pili kijana aliandika tena habari za miti kumi na mbili, akiwapigia simu wazee waliobaki, na palipokuwa na maneno ya wale waliofariki akaacha nafasi wazi, kwa sababu hakutaka kuyabuni. Ya tatu ndiyo ya ule mkasa wa Mei. Ukurasa wa hamamu, pamoja na picha moja ya nakshi za ndege na maua zilizomo ukutani, una kilobaiti 94. Tuliujaribu pale pale mlangoni mwa hamamu, ambapo mtandao huja na kwenda kama upepo wa kusi, ukafunguka kabla mgeni mmoja wa Kijerumani hajamaliza kufuta jasho. Mafaili yenyewe yako kwenye kompyuta ya kijana, kwenye flashi yangu, na kwenye simu za wenzake watatu. Nami nimeanza kuyachapa upya maelezo yangu ya zamani kutoka kwenye mkoba, yale ambayo mchwa wameyaachia. Nimefika la arubaini na mbili.

Jioni ile ya mwisho mjomba, ambaye hasomi kwenye simu kwa sababu ya macho, alitaka asomewe kila kitu. Tukakaa barazani, nikamsomea mti baada ya mti. Alisikiliza kimya mpaka nikamaliza.

"Mwanangu," akasema, "na mlangilangi mmeutupa wapi?"

Kweli, haukuwamo. Kijana akafungua faili jipya, mjomba akasimulia, mimi nikaandika, Hugo ikajenga. Kazi yote ilichukua robo saa, na dakika kumi katika hizo zilikuwa za kutafuta miwani yangu.